Magendo: Neno, Sheria na Safari katika Mpaka wa Kasese na Bwera

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maana na asili ya neno magendo kwa kurejelea eneo la Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, hasa tangu miaka ya 1970. Katika matumizi ya jumla neno hili hufasiriwa kuwa biashara inayofanywa kinyume cha sheria. Makala yanaonesha kwamba fasiri hiyo ni moja tu kati ya maana kadhaa, na kwamba ndiyo maana iliyowekwa na dola. Kwa kuchunguza umbo la neno, historia ya njia za Rwenzori, na sheria za uchumi za Uganda, makala yanadai kwamba magendo halitaji aina maalumu ya tendo, bali linataja uhusiano wa tendo na kibali. Mwisho, makala yanapendekeza namna bora ya kuliingiza neno hili katika kamusi na katika ufundishaji wa Kiswahili nchini Uganda.

1.0 Utangulizi

Neno magendo limesafiri mbali kuliko maneno mengi ya mitaani. Lilikuwa neno la sokoni, la kizuizi cha barabarani na la mnong'ono wa dukani, kisha likapanda hadi kwenye maandishi ya wataalamu. Mwaka 1981 Reginald Green aliandika kuhusu magendo katika uchumi wa kisiasa wa Uganda. Mwaka 1983 Nelson Kasfir alilitumia neno hilo hilo katika makala yake kuhusu dola na uundwaji wa matabaka nchini humo, na mwaka huo huo Gérard Prunier aliliweka katika anwani ya makala yake ya Kifaransa. Wasomi hao, waliokuwa na maneno ya kutosha katika lugha zao kuhusu biashara haramu, waliona heri kuliacha neno la Kiswahili kama lilivyo. Jambo hilo peke yake linatosha kumfanya mwanaisimu ajiulize: kuna nini ndani ya neno hili ambacho hakikuweza kutafsiriwa?

Swali hilo linajibika vizuri zaidi mpakani kuliko mjini. Bwera ni mji mdogo wa wilaya ya Kasese, ulio karibu na kituo cha forodha cha Mpondwe. Chini yake unapita mto Lhubiriha, unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori kuelekea Ziwa Edward, na ng'ambo ya mto ipo Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakazi wengi wa upande wa Uganda ni Wakonzo. Wa upande wa Kongo ni Wanande. Lugha zao zinaelewana, koo zao zinaingiliana, na wengi wao hujitambua kwa jina moja la Abayira. Mahali kama hapa, neno linalotaja kuvuka mpaka na mzigo haliwezi kuwa na maana moja.

2.0 Umbo la Neno

Tuanze na neno lenyewe. Shina -gendo lina uhusiano wa wazi na kitenzi cha Kibantu chenye maana ya kwenda. Katika Kiswahili kitenzi hicho kimepoteza konsonanti yake ya mwanzo: tunasema enda, na kutokana nacho tuna mwendo, mwenendo na maendeleo. Katika lugha nyingi za bara konsonanti hiyo ipo hadi leo. Kiganda kina okugenda na nomino olugendo, yaani safari. Kinyankore kina okugyenda na orugyendo. Kikonzo na Kinande navyo vimehifadhi g katika mzizi huo huo.

Ikiwa magendo lingeundwa moja kwa moja kutokana na kitenzi cha Kiswahili cha pwani, tungetarajia umbo lisilo na g, kama ilivyo katika mwendo. Kuwapo kwa g kunaashiria kwamba shina lilichukuliwa kutoka lugha jirani. Hata hivyo, g hiyo haitoshi kutaja lugha moja kuwa chimbuko, kwa kuwa lugha zilizoihifadhi ni nyingi, kuanzia Maziwa Makuu hadi katikati ya Tanzania.

Kiambishi nacho kina ushahidi wake. Wingi wa olugendo katika Kiganda ni engendo, si magendo. Lakini katika Kiswahili ngeli ya ma- ndiyo makao ya kawaida ya nomino zinazotokana na vitenzi na kutaja shughuli au mapatano baina ya watu: mazungumzo, mapatano, malipo, matumizi, mauzo. Basi magendo lina shina lenye sauti ya bara na kiambishi chenye mantiki ya Kiswahili. Ni neno la mpakani kwa maumbile yake, hata kabla hatujalitazama kwa maana.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna kiungo chochote cha neno hili kinachotaja wizi, siri wala kosa. Kwa sehemu zake, magendo ni mienendo tu, kwenda na kurudi. Mwenye kuzungumza Kikonzo, Kinande au Kiganda, anapolisikia neno hili, ana sababu ya kusikia ndani yake safari. Uharamu umeongezwa juu ya neno kutoka nje. Ni juu yetu kueleza umeongezwa lini na nani.

3.0 Njia Kabla ya Mpaka

Biashara ya eneo hili ni kongwe kuliko mpaka. Chumvi ya Ziwa Katwe, lililo kusini mwa Kasese, ilibebwa kwa karne nyingi hadi Toro, Nkore na nchi za magharibi ya Ziwa Edward. Umuhimu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1891 Frederick Lugard alijenga ngome hapo Katwe, akaiita Fort George. Mwenye kuishika Katwe alishika chakula cha watu wa pande zote.

Mpaka wenyewe ulichorwa baadaye, kwa mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910 na 1915. Mstari ulipita juu ya kilele cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, ukashuka kwa kufuata mto hadi ziwani. Kwa mchora ramani, mlima na mto ni mipaka ya asili. Kwa mkazi wa Bwera, mto ni mahali pa kuteka maji, na bonde lake ni njia. Tangu siku mstari ulipowekwa, mtu aliyebeba chumvi kwenda kwa shemeji yake ng'ambo ya Lhubiriha alikuwa amesafiri nje ya nchi bila kubadili njia aliyopita babu yake.

Katika miaka ya 1950 eneo liliingia katika uchumi mpana zaidi. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza uzalishaji mwaka huo huo. Kasese ukawa mji wa wafanyakazi wa makabila mengi. Wakati huo huo, miteremko ya Rwenzori ilipandwa kahawa aina ya arabika, nayo kahawa ndiyo iliyokuja kulipa neno letu uzito wake.

Haifai kusahau siasa. Tarehe 30 Juni 1962, chini ya uongozi wa Isaya Mukirane, wafuasi wa Rwenzururu walitangaza kujitenga na ufalme wa Toro. Milima ilibaki katika uasi kwa miaka ishirini, hadi mapatano ya mwaka 1982 ambapo Charles Mumbere alishuka na watu wake kuweka silaha. Katika miaka hiyo gunia la kahawa lililopanda mlima kuelekea magharibi halikuwa suala la bei peke yake. Lilikuwa pia swali la nani ana haki ya kutoza ushuru katika nchi ya Wakonzo.

4.0 Sheria Iliyounganisha Maana Mbili

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90 za kuondoka. Maduka na viwanda vyao viligawiwa watu wengine, ambao punde mitaani walipewa jina la mafuta mingi. Bidhaa zikaadimika. Sukari, sabuni, chumvi na vitambaa vikawa na bei mbili: bei iliyopangwa na serikali, ambayo kwayo bidhaa haikupatikana, na bei ya kweli, ambayo kwayo ilipatikana nyuma ya duka.

Upande wa mazao hali ilikuwa hiyo hiyo. Bodi ya Uuzaji wa Kahawa ilikuwa mnunuzi pekee, nayo ililipa bei iliyopangwa kwa shilingi iliyokuwa ikipoteza thamani. Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazili, na katika miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapanda sana. Mkulima wa Uganda hakuiona bei hiyo, ila jirani yake wa ng'ambo aliweza kumpa sehemu yake. Mashariki, kahawa ilivuka kuingia Kenya, hasa kupitia Chepkube. Magharibi, ilivuka Rwenzori na Lhubiriha kuingia Zaire ya wakati huo.

Serikali ilijibu kwa Amri ya Mahakama ya Makosa ya Kiuchumi ya mwaka 1975. Chini ya amri hiyo, mahakama za kijeshi ziliweza kumhukumu mtu kwa kuvusha bidhaa, kuficha bidhaa au kuuza kwa bei iliyozidi ile iliyopangwa, na adhabu iliweza kufikia kifo. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Matendo hayo ni tofauti kabisa. Mmoja hubeba kahawa yake usiku juu ya mlima. Mwingine ameketi dukani mjini Kasese akiuza sabuni kwa bei ya juu. Mmoja anahama, mwingine hakuondoka kwenye kiti chake. Sheria iliwatia katika gunia moja, na mtaani gunia hilo likaitwa magendo.

Tofauti na Tanzania inaonekana wazi. Huko, hasa wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Edward Sokoine mwaka 1983, neno ulanguzi lilibeba maana ya kununua na kuficha ili kuuza ghali, na magendo likaachwa na maana ya kuvusha. Nchini Uganda ulanguzi halikupata mizizi namna hiyo, hivyo magendo likabeba mizigo yote miwili. Kwa upande wa Kenya, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali nako kuliitwa magendo, ingawa hakukuwa na mpaka wa nchi uliovukwa. Nchi tatu, matumizi matatu. Kinachoyaunganisha ni kibali kilichokosekana.

5.0 Maana Nne za Neno

Kutokana na historia hiyo tunaweza kupambanua maana nne.

Maana ya kwanza ni ya mpakani: kuvusha bidhaa bila kupitia forodha. Hii ndiyo maana inayokaa karibu zaidi na shina la neno, kwa kuwa ndani yake mna safari ya kweli, yenye njia, mzigo na miguu. Ina neno mwenza, njia za panya, ambalo limeenea Afrika Mashariki nzima na linataja vijia visivyo na kituo cha forodha.

Maana ya pili ni ya mjini: bei ya magendo, sukari ya magendo, dola za magendo. Hapa hakuna safari. Kilichovukwa ni bei ya serikali.

Maana ya tatu ni ya mfumo. Mtu wa miaka ya 1970 na 1980 aliyesema kwamba anaishi kwa magendo hakuwa anakiri kosa moja. Alikuwa anaeleza hali ambamo mshahara wa mwezi haukutosha chakula cha wiki, na kila mtu, mwalimu, karani hata askari, alikuwa na biashara ya pembeni. Ni maana hii iliyowavuta akina Green, Kasfir na Prunier. Kiganda kina kitenzi chake cha kuvusha kwa siri, okukukusa, lakini kitenzi hicho hutaja tendo la mtu. Magendo lilitaja uchumi mzima, ndiyo maana Waganda nao walilihitaji.

Maana ya nne ni ya kitamathali: jambo lolote linalofanywa nje ya utaratibu unaokubalika. Wazungumzaji wa Kiswahili husema mapenzi ya magendo, pombe ya magendo, hata safari ya magendo, usemi ambao kwa asili ya neno ni sawa na kusema safari ya safari. Kwamba usemi huo haumstui msikilizaji ni dalili kwamba shina limesahaulika, na uharamu ndio uliobaki.

Maana hizi nne hazikukaa sawa kila mahali. Mjini Kasese, penye reli, maduka na maofisa, maana ya pili ilikuwa na nguvu; mnunuzi aliumizwa nayo, akalitamka neno kwa uchungu. Bwera, neno lilikuwa na sura nyingine. Kahawa iliyovuka ilirudi ikiwa mawese, vitenge na sabuni, yaani vitu ambavyo bei ya serikali ilivitaja lakini haikuvileta. Neno lile lile lililomaanisha unyonyaji kwa mnunuzi wa mjini lilimaanisha karo ya mtoto kwa mkulima wa mlimani. Atakayefasiri neno bila kuuliza ni nani anayesema, na amesimama wapi, atakuwa amemsikiliza mmoja akamwacha mwenzake.

6.0 Kiswahili cha Askari na Kiswahili cha Mchuuzi

Kwa nini neno lilikuwa la Kiswahili, katika nchi ambayo wengi hawakukitumia nyumbani? Jibu la kwanza ni jeshi. Tangu enzi ya ukoloni Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya polisi, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Raia wengi walikisikia kwanza kizuizini, kikiuliza mzigo una nini. Jina mafuta mingi lina alama ya Kiswahili hicho: sarufi sanifu ingetaka mafuta mengi, lakini Kiswahili cha kambini hakikungoja upatanisho wa ngeli.

Lakini Kasese na Bwera zilikuwa na Kiswahili cha pili, kilichokuja kutoka magharibi. Miji ya Beni na Butembo hutumia Kiswahili cha Kongo, nao wafanyabiashara wa Kinande, ambao utafiti wa Janet MacGaffey na wa Vwakyanakazi Mukohya umeeleza mitandao yao, walikitumia kufanya biashara na watu wasiojua Kinande. Hicho kilikuwa Kiswahili cha kuulizana bei. Ukingoni mwa Lhubiriha, Kiswahili cha amri na Kiswahili cha mapatano vilikutana, na neno magendo likasemwa katika vyote viwili. Askari alilitumia kushtaki. Mchuuzi alilitumia kutaja kazi. Wingi wa maana za neno hili, basi, si ulegevu wa lugha ya mitaani. Ni kumbukumbu ya mazungumzo baina ya pande zisizolingana kwa nguvu.

7.0 Tendo Linabaki, Jina Linaondoka

Kipimo kizuri cha hoja yetu ni yaliyotokea sheria zilipobadilika. Mwaka 1990 Uganda iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha za kigeni. Aliyeuza dola mwaka mmoja kabla alikuwa mtu wa magendo. Aliyeziuza mwaka uliofuata alikuwa na leseni ukutani. Mwanzoni mwa miaka hiyo Bodi ya Uuzaji wa Kahawa ilipoteza ukiritimba wake, na mnunuzi binafsi akawa mtu halali. Dola zilikuwa zile zile, na kahawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni karatasi, na jina likaifuata karatasi.

Kwa hiyo magendo ni neno la aina ya pekee. Wizi hubaki wizi hata sheria ikibadilika, kwa sababu yupo aliyeibiwa. Magendo hutoweka kwa tangazo la gazeti la serikali, na huweza kurudi kwa tangazo jingine. Kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikamilisha uanachama wake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, leo Mpondwe na Kasindi ni pande mbili za mpaka wa ndani ya jumuiya moja. Orodha ya yanayoitwa magendo itaendelea kubadilika.

Wala haifai kulipamba neno. Ushuru hujenga barabara, na ukaguzi huokoa maisha. Juni 2019 wagonjwa wa kwanza wa Ebola nchini Uganda katika mlipuko uliokuwa ukiendelea Kongo walithibitishwa wilayani Kasese. Walikuwa wa familia moja iliyokuwa imevuka kutoka Kongo baada ya kumuuguza na kumzika jamaa yao. Njia waliyopita haikuwa ya kituo rasmi. Katika taarifa za siku zile njia za panya zilitajwa tena, safari hii kwa hofu ya ugonjwa. Lakini tukio hilo linathibitisha jambo ambalo neno magendo hulificha: vijia hivyo si vya bidhaa tu. Hupitwa na wauguzi, waombolezaji na wanafunzi. Ofisa wa afya aliyedhani kwamba kila anayepita humo ni mhalifu asingepata ushirikiano wa watu. Aliyejua kwamba ni ndugu wanaotembeleana alijua pa kuanzia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba magendo ni neno la safari lililogeuzwa kuwa neno la kosa, na kwamba mgeuko huo una tarehe na sheria zake. Umbo lake halina hatia. Maana zake nne zilikusanywa pamoja na uhaba wa miaka ya 1970, na hasa na amri ya mwaka 1975 iliyomhesabu mchuuzi wa mlimani na mfanyabiashara wa mjini kuwa kitu kimoja.

Mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza ni kwa wanakamusi. Kidahizo magendo kinastahili kutenganisha maana ya kuvusha, maana ya bei, maana ya mfumo na maana ya kitamathali, na kuonesha pale ambapo matumizi ya Uganda, Kenya na Tanzania yanatofautiana. Fasiri isemayo biashara isiyo halali, bila zaidi, humfanya mwanakamusi kuwa karani wa mahakama.

La pili ni kwa walimu. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali iliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto wa Bwera atakutana na neno hili darasani. Akifundishwa maana moja tu, atajifunza kwamba kahawa iliyomsomesha mzazi wake ilikuwa uhalifu, na kwamba lugha anayofunzwa ndiyo iliyotoa hukumu. Akifundishwa zote nne, pamoja na historia yake, atajua kwamba lugha hiyo hiyo ilikuwa pia mdomoni mwa bibi yake sokoni, akikubaliana bei na mtu wa ng'ambo. Nchi ambayo kwa muda mrefu imekiogopa Kiswahili kama lugha ya bunduki inahitaji kumbukumbu hiyo ya pili kuliko inavyohitaji orodha ndefu ya msamiati.